Muziki ndani ya filamu: kabla ya kumwaga kinanda, mtazame Hawks

Mkuu, umeuliza kwa nini filamu yako fupi uliyopiga Ngarenaro haimgusi mtu wakati umeweka kinanda cha huzuni mwanzo mwisho. Mtafute Howard Hawks, mzee wa Hollywood aliyekuja huku kwetu Arusha kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962. Watu wanaikumbuka kwa faru wa porini na mwigizaji John Wayne. Wewe fuatilia muziki wake.

Hawks aliongoza tangu enzi za filamu bubu hadi Rio Lobo ya 1970, na alipenda sana muziki unaotoka kwa wahusika wenyewe. Kwenye To Have and Have Not (1944) mwanamuziki Hoagy Carmichael yumo humo humo hotelini anapiga piano, mwigizaji Lauren Bacall anaimba. Kwenye Rio Bravo (1959) adui anawalipa wanamuziki wapige wimbo wa tarumbeta usiku, walinzi waliojifungia jela wausikie. Wimbo ule ni tishio. Kinanda chako hakiwezi kutisha hivyo, maana mhusika wako hakisikii.

Sasa Hatari! yenyewe. Mtunzi ni Henry Mancini. Kuna kipande mwigizaji Elsa Martinelli anawapeleka tembo watoto watatu majini. Mancini aliangalia mwendo wa wale tembo, akaona unakwenda kama bugi-wugi (mtindo wa piano wenye mdundo wa haraka), mapigo manane kwa kila bari, yaani kila fungu la mdundo, akautungia Baby Elephant Walk, wimbo ule wa kalliope (kinanda cha filimbi) na klarineti unaojulikana dunia nzima. Picha ilitangulia, mdundo ukatoka miguuni.

Hili unaweza kulifanya leo kwenye kompyuta yako. Chukua kipande mtu anatembea, hesabu fremu (picha moja moja zinazounda video) kati ya hatua moja na nyingine. Ukipiga kwa fremu 24 kwa sekunde na hatua inakuja kila fremu 15, zidisha 24 kwa 60 ugawe kwa 15: mapigo 96 kwa dakika. Mpe mpiga gitaa namba hiyo. Ukichukua wimbo wa mapigo 104 ukaulazimisha, hatua mbili tatu za mwanzo zitakaa, halafu miguu inaanza kuachana na ngoma, na mtazamaji anachoka bila kujua kinachomchosha.

Wimbo wa ndani ya tukio una mtego wake: usiuache upigwe watu wakiongea. Ukikata toka pembe moja kwenda nyingine, mdundo unaruka, na hakuna mhariri atakayeuunga. Waigizaji waanze na wimbo ili washike mwendo, kisha uzime, waongee bila wimbo, wakitikisa vichwa vile vile. Wimbo mzima urekodi peke yake, humo humo chumbani, pamoja na dakika moja ya ukimya wa chumba, hakuna anayeongea. Umeme ukikatika jenereta la jirani likawaka, rekodi ukimya mwingine, la sivyo utasikia mngurumo unaingia na kutoka kila unapokata.

Wimbo unaotoka nje ya dirisha? Punguza sauti nyembamba kuanzia herzi 2,500 (herzi ni kipimo cha wembamba wa sauti) kwenda juu, ushushe na ukubwa wa sauti. Wengi wanashusha ukubwa wa sauti tu, na redio ya jirani inasikika kama iko mezani.

Bongo Fleva ya redioni iache. Unahitaji ruhusa ya mtunzi na ya mwenye rekodi, wote wawili. Tafuta kijana wa mtaani mwenye gitaa, mwandikiane mkataba kabla hujapiga picha hata moja.