Kuomba mtaji kwa wahitimu wenzako

Umeuliza kama shahada inatosha kukupatia pesa za wawekezaji malaika wa chuo ulichosoma, yaani watu binafsi wanaoweka pesa zao katika biashara changa. Haitoshi, inakufungulia mlango tu: mitandao mingi ya wawekezaji hao hutaka angalau mwanzilishi mmoja wa biashara awe mhitimu wa chuo hicho. Baada ya hapo ni fomu, mchujo, kisha dakika chache za kujieleza mbele ya wanachama. Mara nyingi kila mmoja huamua kuhusu pesa zake mwenyewe, kwa hiyo makofi ya ukumbini si hundi. Ningekuwa wewe, ningemtafuta kwanza mwanachama anayeijua sekta yako, akubali kutangulia kuweka pesa. Wengine humwangalia yeye. Na uliza mapema kama wanatoza ada ya kuwasilisha wazo, maana wapo wanaotoza.