Vitanda vipo, oksijeni haitoshi: je, tujenge mtambo?

SWALI: Mhandisi, mimi ni mjumbe wa kamati ya hospitali ya kaunti ndogo huko Kitui. Wakati wa Korona tulitenga wodi ya vitanda 20, tukapewa konsentreta 6 za oksijeni (mashine za umeme zinazokusanya oksijeni kutoka hewani), lakini wagonjwa waliozidiwa waliendelea kukimbizwa Nairobi kwa ambulensi. Sasa tunapanga bajeti ya kujiandaa kwa mlipuko mwingine, na wenzangu wanataka tujenge mtambo wa oksijeni. Je, hilo ndilo suluhisho?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia mtambo, tuelewane kwanza kuhusu kinachopaswa kuhesabiwa. Mwaka 2020 serikali ilizitaka kaunti ziandae vitanda visivyopungua 300 kila moja vya kuwatenga wagonjwa, na hesabu ikawa ya vitanda, labda kwa sababu kitanda hupigwa picha vizuri. Mgonjwa wa Korona aliyezidiwa, hata hivyo, anahitaji oksijeni mfululizo, usiku na mchana, pengine kwa siku nyingi. Uwezo wa wodi yenu basi upimwe kwa lita za oksijeni zinazoweza kutolewa kila dakika, na kwa idadi ya wauguzi walio zamu wakati huo.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotumika wakati wa janga yalikuwa lita 10 kwa dakika kwa mgonjwa mkali, yaani aliye na hali mbaya, na lita 30 kwa aliye mahututi. Konsentreta nyingi hutoa lita 5 au 10. Ikiwa zenu ni za lita 5, zote 6 kwa pamoja hutoa lita 30, yaani wagonjwa wakali 3, au mahututi mmoja, katika wodi ya vitanda 20. Tena mashine hizo hazina akiba: stima ikipotea, oksijeni nayo imekoma.

Mitungi haitegemei umeme, lakini huisha upesi kuliko watu wanavyodhani. Mtungi mkubwa una takriban lita 6,800 za gesi, na kwa lita 10 kwa dakika hautimizi hata saa 12. Wagonjwa wakali 5 watamaliza mitungi kama 11 kwa siku, ambayo yote inapaswa kusafirishwa, kujazwa na kurudishwa kabla ya mingine kwisha. Kwa hiyo lori na dereva wake ni sehemu ya matibabu, ingawa hawaingizwi katika bajeti ya dawa.

Sasa tuje kwenye mtambo. Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni naitrojeni. Kompresa huisukuma hewa hiyo, ikishakaushwa, hadi kwenye matangi yenye chembechembe za zeolaiti, ambazo hunasa naitrojeni chini ya shinikizo na kuacha oksijeni ya takriban asilimia 93 ipite. Shinikizo likishushwa, naitrojeni huachiliwa na mzunguko huanza upya. Mtambo wa mita za ujazo 20 kwa saa hutoa lita 333 hivi kwa dakika, kiasi kinachotosha wagonjwa wakali 33. Lakini mashine za kupuliza oksijeni puani kwa kasi zinaweza kutumia hadi lita 60 kwa dakika kwa mgonjwa mmoja, na watano tu wa namna hiyo watatumia karibu oksijeni yote ya mtambo huo.

Kinachoiua mitambo hii kwa kawaida ni mambo madogo: umeme unaopanda na kushuka, vumbi kwenye vichujio, unyevu unaoharibu zeolaiti, na mkataba wa matengenezo ambao haukusainiwa kwa kuwa fedha ziliishia kwenye sherehe ya uzinduzi. Mtambo usio na kompresa ya kujazia mitungi wala mabomba ya kufika wodini hauwezi kumfikia mgonjwa hata mmoja.

Maoni yangu ni kwamba mtambo ujengwe katika hospitali kuu ya kaunti, ukiwa na uwezo wa kujaza mitungi ya hospitali ndogo, nanyi mtumie fedha zenu kwa konsentreta za lita 10, mitungi ya akiba, vifaa vya kudhibiti umeme, na oksimita (vipimo vya kiwango cha oksijeni katika damu) za kutosha. Hizo oksimita msizipuuze. Kwa mtu mzima aliyetulia, asiye mjamzito, lengo ni kiwango cha asilimia 90 na kuendelea. Muuguzi asiye na kipimo huacha koki wazi kabisa kwa kuhofia mgonjwa, na oksijeni ya mgonjwa wa kitanda cha pili hupotea hivyo.

Kamati ikishikilia mtambo, basi kabla ya kuomba bei mwiteni fundi wa umeme apime kama laini yenu ni ya fezi tatu (umeme wa kuendeshea mashine kubwa) na kama jenereta iliyopo inaweza kubeba kompresa pamoja na chumba cha upasuaji kwa wakati mmoja.