Shangazi, nitoe karibu laki saba kwa kisu kimoja?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Sinza na mume wangu na watoto wawili. Napika chakula cha mchana na kukipeleka maofisini Posta, sahani 60 kwa siku, kila sahani inanibakishia kama shilingi 800, na wikendi nachukua shughuli. Kila alfajiri nakata kilo nane za vitunguu, na visu vyangu vya elfu tano vya Kariakoo vimeniumiza mkono. Binamu yangu anasoma Osaka, anarudi Desemba. Anasema anaweza kuniletea kisu cha Kijapani cha sentimita 21, kilichofuliwa kwa mkono, kwa shilingi 680,000. Mgao wa kikoba unatoka mwezi ujao. Mume wangu aliposikia bei alisema, 'Kitakata nini hicho, dhahabu?' Tangu siku hiyo sijamgusia tena. Nawaza ninunue kimyakimya, akiuliza nimwambie ni laki moja. Nakitaka kweli, Shangazi, na najiona mwenye tamaa. – Mpishi wa Sinza"

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la tamaa, maana ndilo lililonikaa moyoni tangu nilipoisoma barua yako. Fundi cherehani akinunua mashine ya milioni, hakuna anayemwuliza itashona nini. Seremala akitafuta randa nzuri tunasema huyo anaijali kazi yake. Wewe unalisha watu 60 kila siku, na umetamani kifaa unachokishika kuliko kitu kingine chochote jikoni. Hiyo ni akili ya mtu wa kazi. Usijilaumu tena kwa hilo.

Lakini kisu hicho, Desemba hii, usikinunue.

Bei yake haijatoka hewani. Sakai, mji ulio jirani na Osaka anakosoma binamu yako, umetengeneza visu kwa mamia ya miaka, na kwa desturi ya pale kisu kimoja hupita mikono kadhaa: mhunzi anafua, mnoaji anatia makali, mwingine anatia mpini. Kila mmoja ana kazi yake hiyo tu maisha yote. Chuma chao ni kigumu. Visu vingi vya Ulaya huwa na ugumu wa 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell, vya Kijapani mara nyingi huanzia 60 kwenda juu. Kwa ugumu huo wanaweza kukinoa chembamba sana, nyuzi 15 kila upande au pungufu, na makali yakakaa muda mrefu. Kitunguu kinakatika bila kupondwa, ndiyo maana hata machozi hupungua. Yale mawimbi mazuri kwenye bapa la baadhi ya visu hivyo ni pambo tu, hayakati kitu. Binamu yako asikulipishe kwa ajili yake.

Sasa ugumu huohuo ndio udhaifu wake. Chuma laini kikipigwa kinapinda, kigumu kinamegeka. Kisu cha namna hiyo hakitaki mfupa wa mbuzi, hakitaki samaki aliyeganda, hakitaki kuzungushwa ndani ya muhogo au boga. Hebu nikuulize: jikoni kwako nazi inavunjwa na nini? Mimi nimeona jiko la shughuli. Msichana wa kukusaidia anakamata kisu kilicho karibu, anakigeuza, anaigonga nazi kwa mgongo wa kisu, ko ko ko, huku anaizungusha kiganjani. Kisu hichohicho kinafungua mfuko wa mchele, kinachokonoa kopo la nyanya, kinatenganisha mapaja ya kuku wa kienyeji. Kisu cha jikoni kwetu hakina mwenyewe. Ukileta cha laki karibu saba ukakiweka kwenye ndoo pamoja na vijiko, mwezi hautaisha kabla hujakikuta kina pengo. Na hutaweza kumlaumu yule binti, maana hakuna aliyemfundisha.

Liko na jingine hukuniandikia, ila nalijua. Unakatia mkononi, si ndiyo? Kitunguu kiganjani juu ya sufuria, kisu kinakuja kuelekea dole gumba, na sukuma wiki unaishika fungu zima unaikata nyembamba hivyohivyo. Wengi tumelelewa hivyo, na kwa kisu kifupi butu dole linasalimika. Kwa kisu cha sentimita 21 chenye makali yale, mwanangu, utajikata hadi mfupani. Visu vile vimetengenezwa vikatie juu ya ubao, vidole vya mkono wa pili vimekunjwa. Usipobadili mkono, umenunua kidonda.

Muulize pia binamu yako ni chuma gani. Kama ni cha kaboni, kile wanachokiita shirogami au aogami, kinanoleka vizuri sana lakini kinashika kutu upesi. Ukikata ndimu ukakiacha na maji wakati unahudumia sufuria, ukirudi utakuta madoa. Na Dar es Salaam unaijua, hewa ya chumvi, na masika hata nguo kabatini zinashika ukungu. Mpishi anayekimbizana na muda wa kupeleka chakula hana nafasi ya kufuta kisu kila baada ya nyanya mbili.

Halafu tuhesabu. Umeniandikia kwamba kila sahani inakubakishia kama shilingi 800. Kisu hicho ni faida ya sahani 850, siku 14 za kazi, na hapo hujamlipa mtoto ada.

Shida yako, kwa ninavyoisoma, ni makali. Visu vyako vya elfu tano vilipotoka dukani vilikata, sivyo? Vikafa baada ya wiki chache, ukaendelea kuvikandamiza kwa nguvu za bega na kiganja. Hicho ndicho kinachokuumiza. (Kama usiku vidole vinakufa ganzi, hata visipouma, nenda kituo cha afya wakakutazame. Usisubiri kisu kiwe dawa.)

Niliwahi kuletewa zawadi ya kisu kizuri kutoka nje. Kilipopungua makali nikampa mnoaji anayepita mtaani na baiskeli. Akakanyaga pedali, jiwe likazunguka kavu, cheche zikaruka mpaka watoto wakakusanyika kutazama. Kilirudi kinang'aa, na kwenye ukingo kulikuwa na mstari wa rangi ya bluu. Nilidhani ni urembo. Ile bluu ilikuwa alama kwamba chuma kimeungua na ugumu umetoka. Tangu hapo kila nikikinoa makali hayafiki siku mbili. Nilisikitika sana. Nilikuwa na kisu, sikuwa na ujuzi wa kukitunza, na hakuna bei inayoziba pengo hilo.

Kwa hiyo mwambie binamu yako abadilishe mzigo. Akuletee jiwe la kunolea la maji, namba 1000. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na kisu. Kama ni la kuloweka, liache ndani ya maji mpaka mapovu yaishe, liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Kisu kilaze juu yake, uinue mgongo wake kidogo tu, kisha sukuma na kuvuta bila kubadilisha mwinuko huo. Utaona tope la kijivu, usilioshe, linasaidia kunoa. Endelea mpaka upande wa pili, ukipapasa kwa dole gumba kutoka mgongoni kuja ukingoni, usikie kijikwaruzo chembamba urefu wote wa kisu. Hapo geuza. Anza na hivyohivyo vya elfu tano. Ukiviharibu hujapoteza kitu. Chuma chao ni laini, kwa hiyo utavinoa kila baada ya siku chache. Ndivyo mkono utakavyojifunza.

Nunua na ubao mpana wa mti. Usikatie kwenye sahani wala kigae, vinaua makali papo hapo.

Ukinoa kwa miezi mitatu na bado unakitaka cha Kijapani, nitakuunga mkono kwa moyo wote. Ila hapo chagua santoku, kisu cha Kijapani cha kazi nyingi za jikoni, ya chuma kisichoshika kutu, sentimita 16 au 17. Ni fupi kidogo, inafaa nyama isiyo na mfupa, samaki na mboga, na ipo ya bei ya chini sana kuliko hiyo ya kufuliwa. Iwe ya kwako peke yako, ina mahali pake, na yule binti abaki na panga lake la nazi na mifupa. Atakayekuletea aifunge kwenye begi la kwenda chini ya ndege, la mkononi watamnyang'anya.

Sasa mumeo. Hiyo laki moja usiitamke. Kikoba ni jasho lako, lakini siku binamu atakapokuja kula pilau hapo kwako na kutaja bei mezani, mumeo hatakumbuka kisu, atakumbuka kwamba ulimdanganya. Naye aliposema maneno ya dhahabu alikukata kauli, na hilo lilikuuma kuliko unavyokiri. Mwamshe alfajiri moja, saa kumi, akakate kilo moja tu ya zile nane kwa kisu chako kibovu. Usimweleze kitu. Akimaliza mpe chai, halafu mwambie unataka jiwe, na baadaye, Mungu akipenda, kisu.

Jiwe likifika niandikie, unieleze nyanya inakatikaje.

Shangazi