Kwa nini Kligman husifiwa na kulaumiwa

Umeuliza kwa nini Albert Kligman, mtafiti wa ngozi wa Marekani, husifiwa na kulaumiwa. Alianza na kuvu, akiwa na uzamivu wa botania, ndipo akasomea udaktari. Mwaka 1969 yeye na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A: huzuia seli zilizokufa kuziba vitundu vya vinyweleo, hivyo chunusi hupungua, ingawa mwanzoni ngozi huwasha na kubambuka. Dawa nzuri kweli. Lakini majaribio yake mengi aliwafanyia wafungwa wa gereza la Holmesburg jijini Philadelphia, wengi wao weusi, kwa malipo kiduchu, bila kuwaeleza hatari vizuri. Hiyo ni dhuluma. Jiji la Philadelphia liliomba radhi 2022; yeye alishafariki 2010.