Kura nishapiga, na mtaro nizibue mie?

SUALI: Asalaam alaykum Bi Mkubwa. Mie mkaazi wa Pemba, nna miaka 34, na tangu nijiandikishe sijakosa uchaguzi hata mmoja. Sasa nyuma ya nyumba yetu mtaro umeziba tangu vuli, maji yananuka na watoto wanayaruka kwenda skuli. Mke wangu kila siku chukua pauro, chukua pauro, nami namwambia wangu nishafanya, tuliowapa kura ndo wafanye. Nakosea?

JAWABU: Wa alaykum salaam mwanangu. Kupiga kura hukukosea, umekosea hesabu, kura ni siku moja kila miaka 5 na mtaro unajaa kila siku. Halafu sheha, yule msimamizi wa shehia yenu, hukumpigia kura wewe wala jirani yako, yule anateuliwa, kwa hivyo ukingoja uchaguzi ndo umwambie kitu utangoja sana, mfuate afisini kwake.

Nnavokusikia wewe umeifanya kura faradhi aini, ya kila mtu mwenyewe, na mtaro umeuweka kwenye kifaya, ile wakiifanya wachache inatosha, sawa, lakini kifaya chenyewe si tunakijua tokea chuo cha Kurani, maiti akizikwa na wachache wengine wamesalimika, asipozikwa na mtu je? Mtaa mzima una dhambi, na wewe mwenye kidole cha wino umo.

Sie hapa Ng'ambo, Unguja mjini, masika moja tuliuzibua wetu, kukatoka pampasi, chupa za maji, kandambili ya mguu mmoja, na mifuko ya plastiki ambayo Zanzibar imepigwa marufuku tangu 2006, nani kaileta kama si sie wenyewe tunaoipokea dukani tukanyamaza? Na lile polo la makumbi ya nazi nilipoliona nikatazama pembeni, maana lilikuwa langu.

Ila kuzibua si kumsamehe diwani, hapo wengi wanachanganya. Andikeni barua, nyumba zote zitie saini, mpeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo, kwa sababu ukipiga simu utaambiwa "tutalifanyia kazi" na ushahidi huna. Baada ya wiki mbili rudini na ile yenye muhuri, nendeni watu watano, mmoja peke yake wanamzungusha.

Na kesho asubuhi jua halijakaza chukua hilo pauro, bisha hodi kwa jirani wa kulia na wa kushoto, na vaa mabuti baba, maji yale usiyaingie peku.