Mlemavu Mweusi unayemhudumia: mambo ambayo mafunzo ya kazini hayakwambii

Wabongo, Wakenya na ndugu zetu Wakongo tuliopo huku Marekani, kazi yetu wengi inajulikana. Mtu anakuja na digrii yake ya uhasibu, haujapita muda kashaelekezwa kwenye nyumba za uangalizi, zile nyumba za kawaida tu mtaani wanakoishi watu wanne watano wenye ulemavu na sisi tunapokezana shifti. Mi niko Minnesota, boksi langu ndo hilo miaka yote, na kilichonifanya niandike ni maneno ninayoyasikia kila tukikutana kwenye shughuli, eti mambo ya ubaguzi ni ya Wamarekani weusi, sisi tumekuja kutafuta. Haya, umekuja kutafuta. Lakini yule kaka unayemwogesha asubuhi ni Mweusi na ni mlemavu kwa wakati mmoja, na mengi yanayomuumiza yanatokea pale pale hayo mawili yanapokutana, na mengine yanapitia mikononi mwako wewe.

Chukua ngozi. Kwenye mafunzo wanakwambia kidonda cha kulalia kinaanza na wekundu, kagua makalio, nyonga na visigino, ukiona pekundu bonyeza uone kama wekundu unapotea. Sasa kwa mtu mweusi tii wekundu huo utauona wapi? Mara nyingi hauonekani kabisa, au pale mahali panakuwa peusi zaidi kidogo ama panavutia zambarau, taa ya chumbani yenyewe hafifu, unapita. Ndo maana kwa watu wetu kidonda kinakuja kugundulika kimeshachimbika. Nesi mmoja wa Kijamaika alinifundisha kutumia mkono: gusa, halafu gusa upande wa pili ulinganishe. Hapa pana joto kuliko pale? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kuliko kawaida? Kama anaweza kuongea muulize kama panauma, ila kumbuka aliyeumia uti wa mgongo huenda hasikii chochote huko chini kwahiyo kukaa kimya kwake hakukwambii kitu. Ukiona tofauti mgeuze asilalie hapo, mjulishe nesi, na uandike kwenye daftari la shifti na saa yake. Usimwambie tu mwenzio mlangoni huku anavua koti.

Kingine ni kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kile kipimo kinakosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi ya kwa Wazungu, yaani kinakuandikia namba nzuri wakati damu haina oksijeni ya kutosha. Sasa weka hapo mtu asiyeongea, hawezi kukwambia napumua kwa shida. Mi siiamini namba peke yake. Naangalia ndani ya mdomo, ulimi na fizi zimebadilika rangi? Mbavu zinavutika ndani akipumua? Amekataa chai wakati sio kawaida yake? Na nikipiga simu kwa nesi nasema hayo yote, siishii kusema "kipimo kinasoma 94".

Nywele mtaniambia ni jambo dogo. Nimemkuta mama wa miaka sitini na kitu, hana uwezo wa kuinua mikono, nywele zimeshikana nyuma mpaka zimekuwa gamba moja, na kwenye karatasi ya huduma imeandikwa "kuoga na kuchana nywele: imefanyika" kila siku. Wale wahudumu hawakujua nywele za kipilipili zinashikwaje, wanapitisha kichana cha meno membamba juu juu, basi. Sisi tunajua jamani! Tumesukwa na shangazi zetu toka utotoni. Kwahiyo omba iandikwe kwenye mpango wake wa huduma kabisa: mafuta gani, kichana gani, kofia ya satini ya kulalia, losheni kila baada ya kuoga maana ngozi ikipauka inapasuka. Ikiwa kwenye mpango inakuwa haki yake, hata siku wewe haupo itabidi ifanyike. Na kabla ya yote muulize yeye anataka asukwe mtindo gani, sio umpige twende kilioni kwa sababu ndo unayoiweza.

Polisi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Julai 2016 huko North Miami, Charles Kinsey, mhudumu Mweusi kama mimi na wewe, alikuwa amemfuata kijana mwenye usonji aliyetoka kwenye nyumba yake ya uangalizi akakaa barabarani na kilori cha kuchezea. Mtu kapiga simu kasema ni bunduki. Kinsey akalala chali, mikono juu, anapiga kelele kwamba ni kilori tu, na bado akapigwa risasi ya mguu. Chama cha polisi kikaja kueleza kwamba aliyelengwa alikuwa ni yule kijana, eti walikuwa wanamwokoa Kinsey! Sasa wewe kijana wako wa Kimarekani mweusi, futi sita, akianza kurusha viti usiku, kabla hujabonyeza 911, namba ya kuita polisi na dharura, jiulize kama kuna mtu yuko hatarini kweli kweli. Kama hakuna, tangu Julai 2022 kuna namba ya simu 988 kwa mambo ya afya ya akili, na huku Minnesota kaunti zote zina timu ya dharura ya afya ya akili inayokuja nyumbani, namba yake ibandike kwenye friji leo. Na ikibidi 911 basi taja mwanzoni kabisa: ana usonji, haongei, hana silaha, alichoshika ni rimoti.

Na hao mnaosema sio mambo yetu, Aprili 1977 San Francisco walemavu zaidi ya 100 walikalia jengo la serikali karibu mwezi mzima mpaka kanuni za kifungu cha 504, kile cha sheria ya Marekani kinachokataza kumbagua mlemavu kwenye huduma zinazopata hela ya serikali kuu, zikasainiwa, hicho hicho kinachomlinda mwanao mwenye ulemavu kwenye shule ya umma hapa. Mmoja wao alikuwa Brad Lomax, Mweusi, mwanachama wa Black Panther, kile chama cha kupigania haki za Weusi, anatumia kiti mwendo. Wanachama wenzake wa Oakland walikuwa wanaleta chakula cha moto kila siku. Aliyemhudumia Lomax humo ndani na kusaidia na wengine ni Chuck Jackson, mhudumu, jina ambalo hata kwenye mafunzo yetu halitajwi.

Kwenye hela tuko wepesi wa kuchanga ila tunaharibu. Kama mtu yupo kwenye SSI, ile hela ya kila mwezi ya serikali kwa walemavu na wazee wasio na kipato, akionekana na zaidi ya dola 2,000 ana hatari ya kukatiwa, kwahiyo ule mchango wa grupu la WhatsApp mnaomtumia kwenye akaunti yake ya kawaida unaweza kumponza. Mfungulieni akaunti ya ABLE, akaunti maalum ya akiba kwa wenye ulemavu, humo mpaka dola 100,000 hazihesabiwi kwenye SSI, na tangu Januari 2026 hata aliyepata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 46 anaruhusiwa, zamani mwisho ulikuwa 26.

Najua swali mtakaloleta: nikisema sana si nitafukuzwa, na makaratasi yangu yenyewe bado? Hapa Minnesota mhudumu analazimika kisheria kuripoti mtu mzima anayehudumiwa akinyanyaswa au kutelekezwa, na sheria hiyo hiyo inamkataza bosi kukulipizia kisasi kwa kuripoti kwa nia njema. Kwahiyo mtumie supavaiza maandishi, sio simu, weka tarehe, na nakala baki nayo.