Kuvuka mpaka kwa mtumbwi katika Mto Sangha: mihuri, mafuta na majira ya maji

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii wa Arusha. Nina wageni sita wanaotaka kusafiri kwa mtumbwi wa injini kupitia msitu wa mvua, kutoka Ouesso katika Jamhuri ya Kongo hadi Bayanga katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha kurudi Ouesso kwa njia hiyohiyo. Nimezoea mipaka ya barabarani kama Namanga, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Je, mpaka wa mtoni huvukwaje kihalali, mafuta ya kupanda mto hukadiriwaje, na ni miezi gani inayofaa?

JIBU: Ndugu yangu, swali lako la kwanza ndilo zito kuliko mengine, kwa sababu safari uliyoitaja kuwa ya nchi mbili kwa kweli inagusa nchi tatu.

Sangha huanzia Nola, mahali Mambéré na Kadéï inapokutana, na hutiririka kuelekea kusini mpaka uingie Mto Kongo. Mtakapopanda kutoka Ouesso, ukingo wa kulia utakuwa Jamhuri ya Kongo na wa kushoto utakuwa Kameruni. Karibu na Bomassa, yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Nouabalé-Ndoki, mpaka wa Kongo na Afrika ya Kati hufika mtoni. Tangu hapo ukingo wa kulia ni wa Afrika ya Kati, ilhali wa kushoto unaendelea kuwa wa Kameruni kwa masafa marefu, hadi mto uingie wote ndani ya Afrika ya Kati kabla ya Bayanga. Hifadhi tatu zinazopakana hapo, yaani Lobéké ya Kameruni, Nouabalé-Ndoki ya Kongo na Dzanga-Ndoki ya Afrika ya Kati, ziliingizwa pamoja katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2012. Urithi ni mmoja, lakini viza ni tatu.

Matokeo yake kwa kazi yako ni haya: mgeni akishuka ukingo wa Kameruni kula chakula cha mchana, kuchimba dawa au kupiga picha, ameingia Kameruni bila viza. Hakuna geti litakalomzuia wala kibao kitakachomwonya, na msitu wa pande zote mbili unafanana kabisa. Wenyeji huvuka huku na huko kila siku kwenda sokoni na kwa jamaa zao, kwa hiyo nahodha wa mtumbwi, ambaye hana nia mbaya, atatia nanga popote penye kivuli. Mwagize tangu mwanzo, na uandike katika mkataba wenu, kwamba vituo vyote vya kupumzika na kulala vitakuwa ukingo wa mashariki, yaani mkono wa kulia mnapopanda na wa kushoto mnaposhuka. Wakati wa kiangazi, mafungu ya mchanga yanapojitokeza katikati ya mto na kuwavutia watu kupiga hema, chagua yale yaliyoshikana na ukingo huo, kwa kuwa fungu lililo katikati ya mto wa mpakani si mahali pa kubishana na askari kuhusu mstari unapopita.

Kuhusu mihuri, mpaka wa mtoni hausimamishi mtu. Ni wewe unayepaswa kuusimamisha mtumbwi. Muhuri wa kutoka Kongo ugongwe kabla hamjaiacha Bomassa nyuma, na wa kuingia Afrika ya Kati utafutwe Lidjombo, kijiji cha kando ya mto chenye maofisa wa mpaka, kilichopo kabla ya Bayanga. Kabla ya kuondoka Ouesso, nenda mwenyewe uhamiaji uulize ni ofisi gani hasa itakayogonga muhuri wa kutoka, kwa sababu kurudishwa nyuma kutoka Lidjombo kunakula mafuta ya siku nzima. Viza zote mbili, ya Kongo na ya Afrika ya Kati, zipatikane ubalozini kabla ya safari, na hapa ndipo wengi hujikwaa: kwa kuwa mnarudi Ouesso, viza ya Kongo lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja atagongewa muhuri wa kutoka Kongo, kisha hana ruhusa ya kurudi kuipanda ndege yake. Nchi hizi zote ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya CEMAC, jambo linalokusaidia upande wa fedha, maana faranga ya CFA ileile hutumika pande zote; hata hivyo, nafuu za kusafiri bila viza ndani ya jumuiya ni za raia wake, haziwahusu wageni wako.

Andaa orodha ya abiria kwa Kifaransa yenye jina, uraia, namba ya pasipoti na namba ya viza ya kila mmoja, na utoe nakala nyingi, kwani kila kituo hutaka ya kwake. Kiswahili tunachokisikia mashariki mwa Kongo ile nyingine, yenye mji mkuu Kinshasa, hakitakufikisha mbali huku. Ouesso watu huzungumza Kilingala, Bayanga huzungumza Kisango, na maofisa huandika Kifaransa.

Sasa mafuta. Kosa la kawaida ni kuhesabu kilomita peke yake, wakati injini haili kilomita, inakula saa. Kutoka Ouesso hadi Bayanga ni kama kilomita 150 kwa mstari ulionyooka, na mto unapindapinda, kwa hiyo kwa hesabu tuchukulie 180. Mtumbwi unaokwenda kilomita 18 kwa saa katika maji yaliyotulia, ukikabiliwa na mkondo wa kilomita 5 kwa saa, utasogea kilomita 13 tu kwa saa ukilinganisha na ukingo. Hiyo ni karibu saa 14 za injini kupanda. Kushuka, mtumbwi huohuo utakwenda kilomita 23, yaani saa 8 hivi. Injini ya viharusi viwili yenye nguvu za farasi 40 inaweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa saa ikisukuma mzigo. Kwa lita 15, kupanda peke yake ni lita 210. Ongeza theluthi moja ya akiba, ufike 280, kisha ukadirie kushuka vilevile. Usipange kununua petroli njiani, na changanya oili kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini, si kwa macho. Kabla ya yote, mjaribu nahodha: pakieni mtumbwi mzigo kamili, mpande mto kwa saa moja, kisha mpime mafuta yaliyotumika. Jaribio hilo lina thamani kuliko hesabu yangu yote.

Saa 14 hizo usizibane katika siku moja. Eneo hili lipo karibu na ikweta, giza huingia mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na magogo yaliyozama hayaonekani kwa tochi. Igawanyeni safari kwa siku mbili au tatu, mkilala Bomassa, na kila siku mtumbwi uwe umefungwa saa kumi jioni. Chukueni propela ya akiba na upondo mrefu, na kila abiria avae jaketi la kuokolea muda wote, hata yule anayejua kuogelea.

Kuhusu miezi, maji hujaa zaidi Oktoba na Novemba na hupungua zaidi Februari na Machi. Maji yakijaa, mafungu ya mchanga huzama na njia hunyooka, lakini mkondo huwa mkali, mafuta huliwa zaidi na mvua hunyesha bila huruma. Maji yakipungua, mkondo hulegea lakini mtatumia muda mwingi kukwama na kusukuma. Mimi ningechagua Desemba na nusu ya kwanza ya Januari: mvua imekwisha na mto bado una kina.

Cheti cha homa ya manjano ni cha lazima, na dawa za kinga ya malaria zianze kabla ya safari. Mgeni mwenye mafua asipelekwe kwa gorila hata kama amelipa, maana magonjwa yetu huwaua.

Hali ya usalama Afrika ya Kati hubadilika. Mei 2013, wiki chache baada ya serikali kupinduliwa Bangui, mji mkuu, watu wenye silaha waliingia Dzanga Bai, uwanda wa wazi msituni karibu na Bayanga wanakokusanyika tembo, wakaua tembo 26. Kwa hiyo wasiliana na uongozi wa maeneo ya hifadhi ya Dzanga-Sangha, ambayo Dzanga-Ndoki ni sehemu yake, wiki moja kabla na tena siku ya kuondoka Bomassa. Soma pia bima ya kila mgeni: nyingi hazilipi chochote mgeni akienda mahali ambako serikali ya nchi yake imewaonya raia wasiende, na anayeumia Bayanga atahitaji ndege ya kumtoa. Bima isiyoitaja Afrika ya Kati kwa jina, mwombe mgeni aibadilishe kabla hujapokea malipo yake.